Bahasha za Mshiriki Namba Arobaini na Moja

Binti yangu alianza kusuka kabla hajajua kuandika jina lake. Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikakuta nyuzi zote za pindo la pazia la sebuleni zimesukwa, visuko vidogo vidogo vinavyolingana kama vimepimwa kwa rula. Alikuwa na miaka mitano. Nilimkaripia, kisha nikakaa chini nikahesabu: sitini na viwili. Pazia hilo bado ninalo na sijawahi kulifumua.

Sasa ana miaka ishirini na minane na mtaa mzima unamwita Chapuchapu. Wanasema mteja akikaa kitini pake na kikombe cha chai ya moto, anainuka amesukwa kichwa kizima na chai bado ni vuguvugu. Hapo wametia chumvi, ila si nyingi. Saluni yake ni chumba kimoja kinachotazama barabara: viti viwili, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, mashine ya kukaushia nywele inayounguruma kama gari bovu, na misumari ukutani iliyotundikwa mafungu ya nywele za kusukia. Mimi hukaa kwenye stuli karibu na mlango, nazigawa nywele hizo mafungu madogo ili yeye asiinue macho kwenye kazi. Ndiyo shughuli yangu tangu baba yake afariki. Na kutoka pale mlangoni naona kila kitu.

Kwa hiyo niliona mapema. Chapuchapu hakuwa mtu wa vilemba. Alikuwa akisema kichwa chake ndicho kibao cha biashara, na kila mwezi alikibadilisha mtindo. Kisha akafunga kilemba wiki nzima. Wiki ya pili tena. Nikaanza kumwona anajikuna utosini kwa mkia wa chanuo, huku amefumba macho.

"Una nini kichwani?" nikamuuliza.

"Nywele, mama. Wewe mwenzangu una nini?"

Ndivyo alivyo. Ukimuuliza jambo anakurudishia mzaha, na wewe unabaki na swali lako mkononi.

Kilemba kilimponyoka siku aliyoinama kuokota chanuo lililoanguka. Kitini alikuwepo mshona nguo wa jirani, mwanamke mwenye mdomo usio na breki. Mimi nami nikaona: utosini pa mwanangu palikuwa na duara linalong'aa, kubwa kupita kifuniko cha chupa, ngozi laini kabisa, kama vile hapakuwahi kuota kitu.

"Heh! Fundi," mshona nguo akasema, "kumbe huku juu umefungua uwanja wa ndege?"

"Ndege ya kwanza inatua kesho, dada," Chapuchapu akajibu, akikifunga kilemba upya. "Tulia basi, nisije nikakupotezea mstari."

Wote walicheka, na yeye akacheka. Lakini mshona nguo alipotoka nilimsikia akimwambia mwenzake pale nje, "Mimi sirudi. Fundi mwenyewe kichwa chake kimemshinda, changu atakiweza?" Mwezi ule haukwisha kabla sijahesabu viti vinne vya wateja wa kudumu ambao hawakuonekana tena.

Hospitali kubwa ilikuwa imebandika tangazo kwamba inatafuta wanawake wanaopoteza nywele utosini, kwa ajili ya utafiti. Nililiona mimi. Nilimsumbua Chapuchapu siku tisa mpaka akakubali kwenda, kwa sharti kwamba nisiongee. Nilikubali sharti nikijua halitekelezeki.

Walimkata kinyama cha ngozi, kidogo kama punje ya mchele, wakakipeleka maabara. Tuliporudi, daktari mkuu wa utafiti, mwanamke mwenye nywele fupi na sauti ya polepole, alituchorea kwenye karatasi. Alichora mzizi wa unywele kama kitunguu. Alisema ngozi huvimba ndani kwa ndani kuzunguka kitunguu hicho, kisha kitunguu kinakufa, na mahali pake panafunga kovu. Kwenye kovu hapaoti kitu tena.

"Mizizi iliyokufa imekufa," alisema. "Lakini pembezoni mwa duara lake, karibu nusu bado ni mizima. Hiyo tunaweza kuipigania, kama hatukuchelewa. Tukichelewa, duara linatanuka."

"Na kinacholeta ni nini?" nikauliza.

"Ndicho tunachokitafuta, mama."

Nilidhani ananificha. Daktari mwenye ofisi kubwa namna ile, mashine mezani, vyeti ukutani, anawezaje kuwa bado anatafuta?

Muuguzi wa utafiti, msichana mpole mwenye saa kubwa mkononi, ndiye aliyetueleza masharti. Chapuchapu afumue nywele, azipunguze, asisukwe wala asitie dawa ya kulainisha kwa wiki kumi na mbili. Ajipake mafuta watakayompa. Kila asubuhi achane nywele dakika moja juu ya taulo jeupe, ahesabu zilizodondoka, aziweke kwenye bahasha ya siku ile na kuandika idadi juu yake. Bahasha zikiharibika au kukosekana zaidi ya kumi, mshiriki anaondolewa. Atakayemaliza, mafuta yakionekana kufaa, ataendelea kupewa bila malipo.

"Mafuta yenyewe ni ya aina mbili," muuguzi akasema. "Moja yana dawa, mengine hayana. Chupa zinafanana, na harufu inafanana."

"Ya mwanangu ni yapi?"

"Sijui, mama."

"Basi muulize daktari."

"Daktari naye hajui."

"Sasa anayejua nani?"

"Kompyuta."

"Mama," Chapuchapu akasema, "tulikubaliana nini kuhusu kuongea?"

Nikatii, ila akili iligoma. Mgonjwa anakuja na ugonjwa wake, anapewa chupa, na waliosoma wote mle chumbani hawajui chupani mna nini. Na hiyo wao wanaita kujua. Nimeelezwa mara nne tangu siku ile. Ninaitikia kwa kichwa, nikifika nyumbani imeshanitoka.

Zikaja karatasi za maswali. Je, katika familia yupo mwingine aliyepoteza nywele utosini: mama, bibi, shangazi? Chapuchapu alinigeukia mimi.

"Hakuna," nikasema.

Nilisema nilichokiamini. Mama yangu mzazi alikuwa na kipara utosini, lakini kile kilikuwa cha ndoo. Alibeba maji kichwani tangu akiwa na miaka saba. Wanawake wengi wa rika lake walikuwa nacho, na kila mtu alijua kuwa ndoo ndiyo inayokula nywele. Hakuna aliyewahi kukiita ugonjwa. Nao walikuwa wameniuliza habari za ugonjwa.

Kisha maswali ya jinsi jambo lenyewe linavyomwathiri mtu.

"Mwezi uliopita, umewahi kuacha kwenda kwenye shughuli ya watu kwa sababu ya nywele?"

"Hapana."

Nikakohoa. Harusi ya binamu yake alisema anaumwa tumbo, na jioni ile alikula sahani mbili.

"Umewahi kulia?"

"Hapana."

Nikakohoa tena.

"Mama yako ana kifua?" muuguzi akauliza.

"Ana mdomo," Chapuchapu akajibu. "Anauziba kwa kukohoa."

Tulirudi nyumbani na chupa, taulo, rundo la bahasha na kadi yenye namba. Kule utafitini hawatumii majina. Mwanangu akawa Mshiriki Namba Arobaini na Moja.

Asubuhi yetu ikawa na utaratibu mpya. Anakaa ukingoni mwa kitanda, taulo mabegani, mimi nimeshika saa. Anachana kutoka kisogoni kuja mbele. "Dakika!" nasema, naye anaacha. Anaokota, anahesabu, anaandika kwa penseli, anakunja mdomo wa bahasha na kuiweka kwenye boksi la viatu juu ya friji. Siku ya kwanza zilikuwa thelathini na nne. Mwisho wa wiki ya pili zilikuwa ishirini na sita. Alianza kuimba bafuni.

Ila mimi nikawa naziona nyingine. Kwenye sabuni, kwenye mto wa kochi, kwenye mfereji wa bafuni, kwenye mgongo wa sweta. Nyeusi, fupi, zimejikunja. Hizo hazikuwa zikihesabiwa na mtu yeyote.

Mwanangu namjua. Alipokuwa na miaka tisa aliamka na homa kali akaniambia hajambo, akaenda shule, akaanguka kwenye mstari wa asubuhi. Ana tabia ya kuyapunguza mambo yake. Nikawaza: madaktari wakiona ishirini na sita, watasema huyu anapona, watahamia kwa wenye shida kubwa zaidi, na duara litatanuka huku wao wakifurahia karatasi. Kwa hiyo akishatoka kwenda kufungua saluni, nilizunguka nyumba nikiokota. Nilifungua bahasha ya siku ile, nikaongeza nilizozipata, nikafuta idadi kwa ufutio na kuandika iliyo kamili. Ishirini na sita ikawa arobaini na tisa. Sikuongeza hata unywele mmoja wa kubuni. Niliona ninakamilisha kazi aliyoiacha nusu.

Nilifanya hivyo wiki tatu.

Siku ya kupeleka boksi walitupokea vizuri, wakampiga Chapuchapu picha ya utosi kutoka juu. Siku nne baadaye simu ikapigwa: njooni wote wawili. Usiku mzima niliwaza wameona kitu kibaya kwenye nywele.

Na kweli walikuwa wameona. Daktari mkuu alikuwa na hadubini mezani, imeunganishwa na kioo kama cha televisheni. Kwenye kioo palikuwa na unywele mmoja, mnene kama kamba ya kufungia mzigo. Ulikuwa mweusi tii, lakini pale mwisho, karibu na mzizi, ulikuwa mweupe kama uzi.

"Huu umepakwa rangi," daktari akasema. "Chini yake ni mvi. Nimeukuta kwenye bahasha zako, namba arobaini na moja, pamoja na nyingine nyingi za aina yake. Lakini wewe huna mvi hata moja."

Nilitazama kioo, nikamtazama mwanangu. "Ugonjwa umemzeesha?" nikauliza. Ndilo wazo lililonijia.

Chapuchapu alikuwa ananigeukia taratibu. Hakunitazama usoni. Alitazama kitambaa changu cha kichwani, pale mbele, kwenye kistari cheusi kilichoachwa na piko, rangi ninayofichia mvi.

"Mama," akasema. "Ulifanya nini?"

Nikawaeleza. Nilieleza habari ya sabuni, ya mto, ya ufutio. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kujisikia mdogo. Haikuwa imenijia hata siku moja kwamba nami kichwani nina nywele na kwamba nazo zinadondoka. Kichwa changu nilikuwa nimeshakisahau.

"Bahasha ngapi?" daktari akauliza.

"Ishirini na moja."

Muuguzi akaangalia chini. Sote tulikumbuka idadi ile: kumi.

"Ina maana mnamwondoa?"

"Ndivyo masharti yanavyosema, mama."

"Kosa ni langu. Niondoeni mimi!"

"Wewe humo," daktari akasema kwa upole.

Chapuchapu hakuwa na mzaha siku ile. Alikaa akikunja na kukunjua pindo la blauzi yake. Kisha akaniambia, "Mama, vua kitambaa."

"Hapa?"

"Hapa."

Tangu nimeanza kufunga kitambaa, hata marehemu mume wangu alikuwa akikiona kichwa changu kwenye giza tu. Nikakifungua. Nilihisi ubaridi wa feni utosini, mahali ambapo kwa miaka hapajapigwa na upepo. Muuguzi aliacha kuandika. Palikuwa wazi, papana kama kiganja.

"Upara huu ni wa umri," nikawahi kusema. "Na piko. Na msiba."

"Ulianza lini?" daktari akauliza.

"Nilipokuwa na miaka thelathini na kitu."

"Msiba ulikupata ukiwa na miaka mingapi?"

"Hamsini na mmoja."

Nilisikia nilichokisema.

"Kulikuwa kunawasha?"

"Kama siafu wanatembea."

"Na mama yako?"

"Wa mama ulikuwa wa ndoo."

"Wa ndoo kivipi?" Daktari alivuta kiti akakaa karibu yangu kabisa, akachukua kalamu. Nikamweleza yote, na akaandika yote, mpaka jinsi mama alivyokuwa akiweka kitambaa kilichoviringwa chini ya ndoo. Aliniuliza kama dada zake mama walibeba maji. Nikasema walibeba. Nao walikuwa na vipara? Mmoja alikuwa nacho, wawili hawakuwa nacho. Na ndoo zilikuwa zilezile.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyempa?" nikauliza.

"Huenda. Kwa damu."

"Au kwa mkono?" Lazima niliseme na hili, kwa sababu lilikuwa limenikaa kooni tangu siku ya kilemba. Mwanangu alipokuwa shule nilimsuka mwenyewe kila Jumapili, nikimbana kati ya magoti. Nilivuta kwa nguvu ili nywele zikae wiki mbili, maana wiki ya pili sikuwa na nafasi. Machozi yalimtoka nami nikamwambia atulie.

"Huenda pia," daktari akasema. "Huenda vyote viwili vinasaidiana. Huenda kimoja hakihusiki kabisa. Wapo waliosukwa hivyohivyo na hawajapata chochote."

"Lakini vyote viwili ni mimi."

Aliyejibu ni Chapuchapu. "Mama, ulikuwa unanibana mpaka nikawa naona na nyuma. Darasani sikuwa na haja ya kugeuka." Nilicheka huku ninalia, na sijui kipi kilitangulia.

Walimwondoa. Daktari alipiga simu kwa wakubwa wake, akarudi na jibu. Na kwa kuwa mwanangu sasa alikuwa nje ya utafiti, kompyuta iliruhusiwa kusema chupa yake ilikuwa ipi. Muuguzi alileta karatasi. Ilikuwa ya mafuta matupu.

Nikakaa vizuri. "Haina dawa hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Mbona nywele zilipungua kudondoka? Thelathini na nne mpaka ishirini na sita. Hizo ni zake halisi, alizihesabu mwenyewe kabla sijagusa kitu."

"Huenda kwa kuwa ameacha kusukwa," daktari akasema. "Huenda ilijitokea tu. Idadi hupanda na kushuka. Sijui."

Kwa kuwa hayumo tena, daktari aliweza kumtibu kama mgonjwa mwingine yeyote, kwenye kliniki ya kawaida, kwa dawa iliyokuwepo siku zote na ambayo watu wote wanajua kilichomo. Isingewezekana kama angebaki. Angemaliza wiki kumi na mbili akijipaka mafuta yasiyo na kitu, na duara linatanuka. Sasa nimwambie nini mwanangu? Nimemharibia au nimemwokoa? Nilimuuliza daktari. Akasema nisifanye tena, hilo ndilo la hakika.

Mimi nami nikaandikishwa. Kuna sehemu nyingine ya utafiti, ya kuangalia kama jambo hili linakwenda na ukoo, na haina mafuta wala siri. Wanataka damu, picha na bahasha. Wametuandikisha wote, mama na binti. Nina kadi yangu: Mshiriki Namba Mia Moja na Tatu.

Chapuchapu amerudi kazini bila kilemba. Ni yeye aliyeamua, mimi nilimwomba asubiri. Wateja wawili kati ya wale wanne wamerudi. Mshona nguo naye alikuja wiki iliyopita, amesukwa kwingine mpaka ngozi ya paji la uso inang'aa kwa kuvutwa. Hakuomba radhi, alikaa tu.

"Uwanja bado uko wazi, dada," Chapuchapu akamwambia. "Leo unasafiri?"

"Nifumue kwanza, sipati usingizi," mshona nguo akasema. "Mengine tutatukanana baadaye."

Akamfumua, na alipomsuka tena nilimwona mikono yake inakwenda taratibu, analegeza kila mwanzo wa mstari. Kazi ilichukua muda mrefu kuliko kawaida. Chai ilipoa kabisa.

Pembezoni mwa duara la mwanangu sasa naona kitu kama vumbi jeusi. Nimelitazama asubuhi kwa mwanga wa dirisha na mchana kwa mwanga wa barabarani. Siwezi kusema kama ni nywele zinaota au ni macho yangu yanayozitaka. Daktari anasema tusubiri picha ya mwezi ujao.

Leo asubuhi ilikuwa zamu ya kichwa changu. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, taulo mabegani, na saa ameishika mwanangu. Alinichana kutoka kisogoni kuja mbele, kwa mkono mwepesi ambao sikuwahi kuwa nao mimi. "Dakika," akasema. Akaziokota, akazihesabu kwa sauti ili nisikie: kumi na tisa. Akaandika kwa kalamu ya wino, akalamba mdomo wa bahasha, akaufunga kabisa na kuubana kwa kidole gumba huku akinitazama.

"Kuna mmoja umebaki kwenye taulo," nikamwambia.

Akainama kuutazama. Ulikuwa mfupi, mweusi, hauna weupe mwishoni. Tuliutazama pamoja, na hakuna kati yetu aliyeweza kusema ni wa nani.

"Huu tunauacha," akasema, akaupuliza.